Mtoto asipolala, mama asiachwe akeshe peke yake

SAA nane za usiku katika Kalamba, kaunti ya Makueni. Soko limenyamaza, bodaboda ya mwisho imekwisha kupita na mbwa wa jirani wamechoka kubweka. Katika nyumba moja taa ingali inawaka. Humo mama anatembea kutoka mlangoni hadi kitandani na kurudi, mtoto wa wiki sita akiwa begani. Kila anapojaribu kumlaza, kilio kinaanza upya.

Mama huyu hana haja ya kutajwa jina, kwa maana ni wengi. Yuko Kalamba, yuko Kitui, yuko Kibwezi, na yuko katika chumba cha kupanga mtaani Nairobi. Alfajiri itakapofika atatakiwa awe ameamka kama watu wengine. Kuna maji ya kuteka kwenye visima vya mchangani, kuna uji wa watoto wa shule, na ikiwa mvua ya Oktoba imekaribia, kuna shamba la kutayarisha.

Katika giza hilo swali moja humsumbua: nimekosea wapi? Jibu ni kwamba hajakosea popote. Mtoto naye hana kosa. Ikiwa kuna kosa, ni la mazoea ya kumwachia mtu mmoja kazi ambayo tangu jadi haikuwa ya mtu mmoja.

Kwa nini mtoto mchanga halali

Ukweli ni kwamba mtoto mchanga hulala sana. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka wa 2019, linasema mtoto wa chini ya miezi mitatu huhitaji usingizi wa saa 14 hadi 17 kwa siku, na wa miezi minne hadi 11 huhitaji saa 12 hadi 16. Tatizo ni kwamba saa hizo huja vipande vipande, usiku na mchana bila kubagua.

Miongoni mwa Wakamba, mtoto wa kiume aliyezaliwa usiku huitwa Mutuku, na aliyezaliwa asubuhi huitwa Kioko. Lakini Mutuku na Kioko wenyewe, katika majuma yao ya kwanza, hawajui tofauti ya nyakati hizo mbili. Homoni iitwayo melatonini, ambayo huuambia mwili wa binadamu kwamba giza limeingia, huanza kutolewa kwa mpangilio wa usiku na mchana mtoto anapotimiza miezi miwili au mitatu hivi. Kabla ya hapo, saa ya mwilini mwake bado haijatiwa majira.

Sababu ya pili ni tumbo. Tumbo la mtoto ni dogo, na maziwa ya mama humeng'enywa upesi. Kwa hiyo mtoto mchanga hunyonya mara nane hadi 12 kwa siku, na baadhi ya mara hizo hazina budi kuwa usiku. Isitoshe, homoni ya prolaktini inayosaidia kutengeneza maziwa huwa nyingi zaidi mwilini mwa mama nyakati za usiku. Kunyonya kwa usiku basi si tabia mbaya ya mtoto. Ndiko kunakoyafanya maziwa yasipungue.

Sababu ya tatu ni aina ya usingizi wenyewe. Karibu nusu ya usingizi wa mtoto mchanga ni ule mwepesi, ambapo macho huchezacheza chini ya kope, midomo hunyonya hewa na mikono hushtuka. Mzunguko mmoja wa usingizi wake huchukua kama dakika 50, ilhali wa mtu mzima huchukua kama dakika 90. Kila mzunguko unapokwisha, mtoto huwa karibu kuamka.

Hapa pana funzo la kwanza kwa mama: si kila mguno ni mwamko. Mtoto anapoguna au kujinyoosha, mama angoje kidogo kabla ya kumnyanyua. Mara nyingine huwa bado yumo usingizini, na kumnyanyua ndiko kunakomwamsha.

Kuhusu kilio, watoto wengi huzidisha kulia hadi wanapofika kama wiki sita, kisha hupunguza hatua kwa hatua hadi mwezi wa tatu au wa nne. Wale wanaolia zaidi ya saa tatu kwa siku, ingawa ni wazima na wananenepa, husemekana kuwa na chango. Chanzo chake hasa hakijathibitishwa hadi leo, lakini jambo moja linajulikana: hupita.

Funzo la kijiji cha Kokwet

Katika miaka ya 1970, watafiti wawili kutoka Marekani, Charles Super na Sara Harkness, waliishi miongoni mwa Wakipsigis katika kijiji walichokiita Kokwet, katika Bonde la Ufa. Walilinganisha usingizi wa watoto wa huko na ule wa watoto wa Marekani.

Mtoto wa Marekani alipofika miezi minne aliweza kulala kama saa nane mfululizo. Wa Kokwet, kwa umri huo huo, alilala kama saa nne na nusu tu kabla ya kuamka. Hata hivyo, akina mama wa Kokwet hawakuliona jambo hilo kuwa tatizo. Mtoto alilala ubavuni mwa mama, akanyonya alipotaka. Mchana alikuwa mgongoni mwa mama, au mikononi mwa dada yake mkubwa aliyepewa kazi ya ulezi.

Maana yake ni kwamba mtoto kuamka usiku si jambo linalomvunja mama peke yake. Kinachomvunja ni kuamka usiku halafu kukosa mtu wa kumpokea mtoto mchana.

Nguzo hizo za zamani zimetikisika. Tangu elimu ya msingi ilipofanywa kuwa ya bure mwaka wa 2003, dada mkubwa yuko darasani, nako ndiko anakostahili kuwa. Wanaume wengi wa Ukambani, tangu enzi za ukoloni, wamekuwa wakienda Nairobi na Mombasa kutafuta riziki. Nyanya, ambaye Mkamba humwita susu, huenda ana shamba lake au biashara yake sokoni. Wanaobaki ni mama mmoja, mtoto mmoja na usiku mrefu.

Uchovu si jambo la kudharauliwa

Wapo wanaosema kwamba kila mwanamke hupitia hayo, na kwamba waliotangulia walivumilia. Kauli hiyo inasahau jinsi kukosa usingizi kunavyoudhuru mwili.

Uchunguzi uliofanywa Australia mwaka wa 1997 ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hufanya kazi kama mtu aliyekunywa pombe hadi kiasi cha asilimia 0.05 katika damu. Hakuna anayeweza kumkabidhi mlevi chungu cha maji ya moto na mtoto mchanga kwa wakati mmoja. Lakini ndivyo tunavyomfanyia mama aliyekesha siku kumi.

Uchovu hupunguza subira pia. Mzazi aliyechoka kupita kiasi anaweza kumtikisa mtoto kwa nguvu ili anyamaze. Kitendo hicho cha sekunde chache kinaweza kumwumiza mtoto ubongo, kumpofusha au kumwua. Mama au baba akihisi hasira inampanda, na amlaze mtoto chali mahali salama, atoke nje dakika chache, avute pumzi, kisha arudi. Mtoto hafi kwa kulia dakika tano.

Vilevile kuna hatari ya mama kupitiwa na usingizi akiwa ameketi kwenye kiti cha sofa, mtoto akiwa kifuani. Hapo mtoto anaweza kubanwa pua kati ya mwili wa mama na mito. Kitanda kilichoandaliwa ni salama kuliko sofa, maadamu hakuna mito wala blanketi nzito karibu na mtoto, na maadamu hakuna mtu humo aliyekunywa pombe, anayevuta sigara au aliyemeza dawa ya kulevya usingizi. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati au akiwa na uzito mdogo afaa kulala mahali pake mwenyewe, karibu na mama.

Mtoto na alazwe chali daima. Uingereza ilianza kuwahimiza wazazi kufanya hivyo mwaka wa 1991 na Marekani mwaka wa 1994, na katika miaka iliyofuata vifo vya ghafla vya watoto usingizini vilipungua sana. Na katika baridi ya Juni na Julai, jiko la makaa lisilazwe chumbani. Moshi wake usioonekana huua mama na mwana kimya kimya.

Njia za mkato zisizofaa

Mama aliyechoka hupewa ushauri mwingi, na sehemu yake ni ya hatari.

Ushauri wa kwanza ni kumpa mtoto uji mapema ili ashibe na kulala. Uchunguzi uliofanywa Marekani mwaka wa 1989 haukuona tofauti yoyote ya usingizi kwa watoto waliopewa uji wa nafaka kabla ya kulala. Mwingine wa Uingereza, uliochapishwa mwaka wa 2018, uliona kwamba watoto walioanzishiwa vyakula wakiwa na miezi mitatu walipata nafuu ya takriban robo saa tu kwa usiku. Mahali ambapo maji safi ni ya kutafutwa, robo saa hiyo haiwezi kulingana na hatari ya kuhara. WHO bado inashauri maziwa ya mama pekee, bila hata maji, kwa miezi sita ya mwanzo.

Ushauri wa pili ni kumpa mtoto dawa ya mafua au ya mzio kwa sababu humlevya. Dawa hizo si za kulaza watoto, na kwa mtoto mchanga zinaweza kudhoofisha pumzi. Hata dawa za chango zinazouzwa madukani hazina ushahidi thabiti kwamba husaidia.

Ushauri wa tatu, ambao hutolewa kwa nia njema, ni kumwambia mama alale mtoto anapolala. Ni maneno mazuri, lakini nani atateka maji? Nani atachemsha muthokoi? Ushauri huo una maana pale tu anayeutoa anapochukua mtungi na kwenda kisimani yeye mwenyewe.

Mwethya wa usiku

Ukambani kuna neno ambalo halihitaji kufafanuliwa kwa wenyeji: mwethya, yaani kikundi cha watu wanaokutana kufanya kazi ya mmoja wao, leo kwako na kesho kwangu. Ni kwa mwethya ambapo matuta mengi ya kuzuia mmomonyoko wa udongo yalichimbwa katika vilima vya Machakos na Makueni, yakiwemo yale ya mtindo wa fanya juu unaojulikana leo hata nje ya Kenya. Kilima kisichoweza kuchimbwa na jembe moja kilichimbwa na majembe ishirini.

Usiku wa mama mzazi ni kilima cha namna hiyo, nao unaweza kugawanywa.

Hatua ya kwanza ni kumpatia mama kipande kimoja cha usingizi usiokatizwa, hata kama ni saa nne tu. Usingizi wa saa nne mfululizo humfaa kuliko saa sita zilizokatwa mara kumi. Kwa mfano, mama anyonyeshe saa mbili za usiku kisha alale papo hapo, bila kungoja vyombo vioshwe. Baba, susu au shangazi abaki na mtoto hadi saa sita, ambembeleze, ambadilishe nepi, na ampeleke kwa mama tu ikiwa kweli ana njaa.

Mama akipenda, anaweza kukamua maziwa mapema. Yafunikwe katika chombo safi mahali penye ubaridi na yatumiwe kabla ya saa nne kupita. Mtoto anyweshwe kwa kikombe kidogo, si kwa chupa, kwa sababu kikombe ni rahisi kusafisha.

Hatua ya pili ni mchana. Jirani akimchukua mtoto saa moja baada ya chakula cha adhuhuri, mama anaweza kulala. Kinachotakiwa ni ratiba inayojulikana: Jumatatu ni zamu ya huyu, Jumanne ni zamu ya yule. Msaada usio na siku yake mara nyingi haufiki, na mama mwenye haya hawezi kuuomba kila mara. Vikundi vya akina mama vinavyokutana kwa ajili ya kuweka akiba vina orodha ya wanachama tayari; kilichobaki ni kuongeza zamu za ulezi.

Hatua ya tatu inamhusu baba. Aliye nyumbani hana udhuru. Kubembeleza mtoto hakuhitaji titi. Aliye mjini anaweza kutuma fedha za kumlipa msichana wa kuteka maji kwa miezi mitatu ya mwanzo. Na anaporudi mwisho wa mwezi, usiku wa kwanza na uwe wake.

Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inampa mama aliyeajiriwa likizo ya miezi mitatu yenye malipo kamili, na baba wiki mbili. Lakini mama anayelima Kalamba hana mwajiri wa kumwandikia barua ya likizo. Likizo yake hutolewa na watu wa nyumbani mwake, au haitolewi kabisa. Waswahili wa pwani walilijua hilo tangu zamani: katika siku arobaini za uzazi, mama hupikiwa, hukandwa kwa maji ya moto na hupokewa mtoto.

Hatua ya nne inamhusu mtoto mwenyewe. Asubuhi atolewe nje apate mwangaza. Usiku taa iwe hafifu, maneno yawe machache na simu iwekwe kando. Taratibu hiyo husaidia kuitia majira saa ya mwili wake. Mchana abebwe kwa mbeleko. Uchunguzi uliofanywa Montreal, Kanada, mwaka wa 1986 ulionyesha kwamba watoto waliobebwa zaidi kila siku walilia kwa asilimia 43 pungufu walipofika wiki sita. Nyanya zetu hawakuusoma uchunguzi huo, lakini mbeleko walikuwa nayo.

Hatua ya tano ni sahani ya mama. Mara nyingine uchovu hutokana na upungufu wa damu, hasa kwa mama aliyetokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua. Makueni ina ndengu, mbaazi na kunde, vyakula vyenye madini ya chuma, na ina machungwa na maembe ambayo vitamini C yake husaidia mwili kuyafyonza madini hayo. Chai, kwa upande mwingine, huyazuia. Afadhali inywewe saa moja au mbili baada ya mlo.

Uchovu unapogeuka ugonjwa

Mama wengi hulia ovyo kuanzia kama siku ya tatu baada ya kujifungua, kisha hali hiyo huisha kabla ya wiki mbili kupita. Ikiendelea zaidi ya hapo, huenda ikawa ni sonona, yaani huzuni nzito ambayo ni ugonjwa wenye tiba. WHO inakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea karibu mwanamke mmoja kati ya watano hupata matatizo ya afya ya akili baada ya kujifungua.

Si ugonjwa wa Wazungu. Mtaalamu wa magonjwa ya akili John Cox aliyachunguza maradhi ya wazazi nchini Uganda katika miaka ya 1970, ambako Waganda walikuwa na jina lao la kale la wazimu unaowapata wanawake baada ya kujifungua: amakiro. Mwaka wa 1987 yeye na wenzake walitoa orodha ya maswali kumi ambayo hadi leo hutumiwa katika nchi nyingi kuwatambua mama wenye sonona.

Dalili ya kutofautisha ni hii: mama aliyechoka tu, mtoto akichukuliwa, hulala. Mama mwenye sonona hukodoa macho hata mtoto akiwa amelala fofofo. Hupoteza hamu ya chakula, hujiona hafai, na mwanawe humwona kama mgeni. Ikifika hatua ya kusikia sauti, au kuwaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, asiachwe peke yake hata dakika moja. Apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo.

Mahali pa kuanzia ni kliniki. Mtoto hupelekwa kuchanjwa akiwa na wiki sita, 10 na 14, na kila mara mama hupata nafasi ya kusema, "Daktari, mimi mwenyewe silali." Aidha, wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, waliozinduliwa rasmi kote nchini mwaka wa 2023, hutembea nyumba kwa nyumba. Wanapouliza kuhusu uzito wa mtoto, waulizwe pia kuhusu usingizi wa mama.

Mtoto naye asidhaniwe daima kuwa ana chango. Ikiwa ana joto jingi na hajatimiza miezi mitatu, amekataa kunyonya, anapumua kwa shida, anatapika majimaji ya kijani, amepatwa na degedege au utosi wake umevimba, safari ya hospitali isingoje kupambazuke.

Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Methali hiyo hutajwa sana katika hotuba za harusi, lakini mahali pake hasa ni saa nane za usiku, mlangoni pa nyumba ambayo taa yake haijazimwa. Ukiiona kwa jirani, asubuhi usimwulize kwa nini mtoto wake alilia. Mwambie, "Nipe mtoto, nenda ukalale."